Feza ya simbi na ukubwa wa mtu kwa Watolai

Kwenye masomo ya historia tumezoea kusema kama feza ya simbi ni ya wakati watu walikuwa hawajajua feza ya kweli. Sisi hatukubali. Tutazame Watolai wa kisiwa cha New Britain, nchi ya Papua New Guinea, katika bahari ya Pasifiki.

Feza yao inaitwa tabu. Ni magamba madogo sana ya konokono wa baharini, yanatobolewa na kutungwa kwenye uzi mwembamba wa kekele. Zamani waliyafuata kwa mitumbwi mpaka pwani ya Nakanai, safari ndefu na ya hatari; kwa hiyo hakuna aliyeweza kujitengenezea feza tu nyumbani. Walipima kwa pima, ni kusema mikono miwili ikinyooshwa, na kwa vitu vidogo walikata kipande. Kwa tabu walinunua samaki sokoni, wakatoa mahari, wakalipa faini, wakaingia katika chama cha siri cha tubuan. Wenzetu Walega hawatashangaa: katika Bwami pia, nani alipanda cheo bila musanga?

Lakini tajiri hakuonekana kwa kununua. Yeye alizungusha tabu yake mamia ya pima, akaifunga kwa majani mpaka ikawa kama gurudumu kubwa. Hiyo ndiyo loloi. Ilikaa katika nyumba iliyolindwa, na ndugu wengine walimwekesha mukubwa ile yao, juu walimwamini.

Siku yenyewe ilikuwa ya kilio. Loloi zilitundikwa inje, watu wote wazione. Kisha zikafunguliwa, zikakatwa, na waliokuja kulia wakagawiwa. Pale ndipo ukubwa wa marehemu ulipimwa. Mtu aliyekufa bila tabu, waliamini roho yake haifiki mahali pazuri. Mzee asiye nayo aliishi na haya, tena na woga. Na kwa sababu Watolai wanafuata ukoo wa mama, mtoto wa tajiri hakukaa akingojea loloi za baba: sehemu kubwa ilitawanyika, na yeye alipaswa kutafuta yake, mara nyingi kwa musaada wa mjomba. Aliyepokea naye alijua kama siku moja zamu yake ya kutoa itafika.

Wadachi walipotawala, wafanyabiashara wao walitaka nazi, lakini Watolai walidai tabu. Mzungu mwenye meli na bunduki, anatafuta simbi! Mwanzoni mwa miaka ya 1900 serikali ikakataza tabu katika biashara na Wazungu. Iliondoka dukani, kweli. Katika vijiji haikuondoka. Mwaka 1975 nchi ilipata feza yake, kina, jina la gamba la baharini vilevile. Leo Mtolai analipa gari na mafuta kwa kina, lakini kwenye kilio cha mzee wa ukoo noti hazitoshi: wanatazama kwanza loloi ngapi zimetundikwa.