Kununua lupangu Kolwezi: panga mapatano kabla ya kutoa makuta

Katika Kolwezi, mtu anaweza kulipa lupangu leo, kesho mwingine akafika na karatasi ya lupangu ile ile. Mara nyingi shida haitoki kwa bei. Inatoka kwa mapatano ya haraka, ya mdomo, mbele ya komisioneri mmoja tu.

Udongo ni wa nani?
Sheria nambari 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Mwenye lupangu anapewa haki ya kuutumia, yaani konsesyo. Konsesyo ya milele ni ya raia wa Kongo peke yao. Mgeni na kampuni wanapata ya muda.

Karatasi gani njo yenye nguvu?
Kifungu cha 219 kinajibu: sertifika ya kuandikishwa, inayotolewa na konservateri wa hati za udongo na nyumba. Fishi ya parsele, ao barua ya shefu wa kartié, ni mwanzo tu. Haiwezi kuchukua nafasi ya sertifika. Chukua nambari ya karatasi, uende mwenyewe kwa konservateri kuuliza jina la mwenyewe na kama kuna deni juu yake.

Nani anasaini?
Kama muuzaji ameoa ao ameolewa, Sheria ya Jamaa inaomba bwana na bibi wakubali wote wawili. Kama mwenyewe alikufa, warizi wote wasaini. Mtoto mkubwa peke yake hatoshi.

Makuta yanatoka namna gani?
Tuseme bei ni dola 6 000. Usitoe zote siku moja. Sehemu ya kwanza itoke siku ya kusaini ahadi, na risiti. Ya pili itoke mbele ya notere. Ya mwisho ibaki mpaka sertifika ya zamani ifutwe na mpya iandikwe jina lako. Andikeni pia: muuzaji akishindwa, anarudisha makuta tarehe gani? Kulipa kwa banki kunaacha alama.

Kama mnanunua kwa kikundi
Ndugu watatu wakichanga na jina moja tu likaandikwa, kwa sheria mwenye lupangu ni yule mmoja. Majina yote yaingie kwenye kontra, pamoja na sehemu ya kila mmoja, namna ya kugawanya kodi ya wapangaji, na namna ya kutoka.

Na chini ya nyumba?
Sertifika haikupe kobalti wala shaba. Madini yana sheria yake, Kode ya Madini ya 2002 iliyobadilishwa 2018. Kasulo inafundisha: mwaka 2014 watu walianza kuchimba kobalti ndani ya mapango ya nyumba zao, na mwaka 2017 jamaa nyingi zilihamishwa, sehemu ya kartié ikazungushwa ukuta. Kwa hiyo uliza pia kama mahali pale pako ndani ya eneo la kampuni ya madini. Ulizo hilo ni la kabla ya kulipa, hapana kiisha.