Siku kishale kilipotembea chenyewe

Hebu jiweke mahali pa huyu jamaa. Ni alasiri ya tarehe 23 Desemba 2015, mji wa Ivano-Frankivsk, magharibi mwa Ukraine. Zamu inakaribia kuisha. Umekaa mbele ya kompyuta kwenye chumba cha udhibiti cha kampuni ya kusambaza umeme, unamalizia kazi ili urudi nyumbani. Ghafla kishale kwenye skrini kinaanza kutembea, na wewe hujagusa kipanya. Kinakwenda kwenye mchoro wa kituo cha kupoza umeme, kinabofya breka, kinathibitisha. Huko nje, maelfu ya watu wamebaki gizani. Unashika kipanya, hakisikii. Kishale kinahamia breka nyingine. Mara mfumo unakutoa nje, na ukijaribu kuingia tena nywila yako inakataliwa. Wameshaibadilisha.

Hii si filamu. Ndiyo siku ambayo, kwa mara ya kwanza inayojulikana hadharani, wadukuzi walizima umeme wa raia. Wengi wakisimulia kisa hiki huishia kwenye ujanja wa wadukuzi. Mimi nataka tukae zaidi kwenye swali jingine: umeme ulirudije?

Kwanza turudi nyuma kidogo. Tukisikia usalama wa mtandao, wengi wetu tunawaza akaunti ya benki au mtu kuibiwa WhatsApp yake. Lakini kuna kompyuta ambazo kazi yake ni kufungua valvu, kuendesha pampu, na kukata au kuunganisha umeme. Hiyo ndiyo mifumo ya udhibiti wa viwandani. Mwaka 1979 kampuni ya Modicon ilitoa itifaki iitwayo Modbus, yaani lugha ya vifaa hivi kuzungumza, na bado inatumika hadi leo. Katika muundo wake wa asili, Modbus haiulizi “wewe ni nani?” Amri ikifika, inatekelezwa. Ni kama mlinzi anayefungua geti kwa yeyote anayepiga honi.

Usiwacheke waliobuni. Enzi hizo nyaya hazikutoka nje ya uzio wa kiwanda, kwa hiyo aliyeweza kupiga honi alikuwa tayari yuko ndani. Tatizo lilikuja pale mitandao ya viwandani ilipoanza kuunganishwa na ya ofisini, na ya ofisini ikaunganishwa na intaneti.

Dalili zilianza mapema. Mwaka 2000, huko Maroochy nchini Australia, mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi kwa mkandarasi wa mfumo wa majitaka alitumia kompyuta ya mkononi na redio kuziamuru pampu, na lita zipatazo 800,000 za majitaka zikamwagika kwenye mito na bustani. Mwaka 2010 iligunduliwa programu hasidi ya Stuxnet, iliyotengenezwa kuharibu mashine za kurutubisha urani huko Natanz, Iran. Baada ya hapo hakuna mtaalamu aliyeweza kusema hakujua.

Sasa Ukraine. Wadukuzi hawakuingia siku ile ya Desemba. Waliingia miezi mingi kabla, kwa barua pepe za hadaa zilizobeba mafaili ya Microsoft Office. Mfanyakazi akifungua faili anaombwa aruhusu makro, akibofya tu, programu hasidi iitwayo BlackEnergy inajipachika. Kisha wakatulia. Wakasoma mtandao, wakaiba majina na nywila, na hatimaye wakapata njia ya VPN iliyotumiwa na wafanyakazi kuingia kwenye mfumo wa udhibiti wakiwa mbali. Njia hiyo haikuwa na uthibitisho wa hatua mbili. Ukiwa na nywila, umepita.

Siku ilipofika waligonga kampuni tatu za usambazaji ndani ya muda mfupi. Wateja wapatao 225,000 walikosa umeme, na hapo mteja mmoja mara nyingi ni nyumba nzima, katikati ya majira ya baridi. Lakini kuzima breka ilikuwa sehemu tu ya mpango. Simu za huduma kwa wateja zilifurikwa na miito ya uongo ili wananchi wasipate mtu wa kumweleza. Mitambo ya umeme wa akiba ilipangwa izimike, ili waendeshaji wenyewe wakae gizani. Vifaa vinavyopeleka amri za kompyuta hadi vituoni viliharibiwa programu zao za ndani, visiweze kupokea amri tena. Mwisho ikaachiwa programu ya KillDisk ikafuta kompyuta.

Ukiutazama mpango huo vizuri utaona kwamba mashambulizi yote hayo ya pembeni yalilenga jambo moja: kuchelewesha umeme kurudi.

Na bado ulirudi, ndani ya saa 1 hadi 6. Hakuna programu mpya iliyouokoa. Mafundi walipanda magari, wakaenda vituoni, wakawasha breka kwa mikono. Waliweza kwa sababu mfumo wao ulikuwa bado unaruhusu kuendeshwa kwa mkono, na watu wa kuuendesha hivyo walikuwepo. Zaidi ya miezi miwili baadaye vyumba vya udhibiti vilikuwa bado havijarudi sawasawa, lakini nyumba zilikuwa na umeme.

Nilipoanza kusoma eneo hili nilidhani dawa ni ukuta-moto bora na nywila ndefu. Hivyo vinahitajika, tena sana. Lakini kisa hiki kilinionyesha kuwa kinga ina nusu mbili: kumzuia mwizi asiingie, na kuweza kuishi siku atakayoingia. Nusu ya pili tunaisahau.

Washambuliaji hawakuisahau. Mwaka mmoja baadaye, karibu na usiku wa manane wa tarehe 17 Desemba 2016, walirudi, safari hii kwenye kituo kikubwa cha usafirishaji umeme kaskazini mwa Kyiv. Hapakuhitajika mtu wa kusogeza kishale. Programu iliyopewa jina Industroyer ilijua lugha za vifaa vya umeme na ikatoa amri yenyewe. Takriban moja ya tano ya umeme uliokuwa unatumika jijini ilipotea. Mafundi wakafanya walichokijua, wakawasha kwa mkono, na baada ya saa moja na kidogo mambo yakawa sawa.

Wengi waliona shambulio hilo limekuwa dogo kuliko la kwanza. Kisha mwaka 2019 uchambuzi wa kampuni ya Dragos ukaeleza jambo la kutisha. Ndani ya Industroyer mlikuwa na sehemu ya kulemaza rilei za ulinzi, vifaa vinavyokata umeme pindi mkondo unapozidi. Hesabu inaonekana ilikuwa hivi: zima kituo, lemaza ulinzi, kisha ngoja mafundi wakimbilie kuwasha kwa mkono. Mitambo ikiungua hapo, giza si la saa, ni la wiki au miezi. Yaani mkono uliookoa mwaka 2015 ndio uliotegewa mtego mwaka 2016. Mtego haukunasa kwa sababu walioandika programu walikosea mpangilio wa anwani za vifaa. Kosa dogo la kuandika.

Oktoba 2020 Marekani iliwafungulia mashtaka maafisa sita wa ujasusi wa kijeshi wa Urusi, mashambulizi haya mawili yakiwa miongoni mwa tuhuma. Urusi imekana.

Kwa hiyo ndugu msomaji, siku utakaposikia kituo fulani kimewekewa udhibiti wa mbali na hakihitaji tena watu, furahi, maana kweli kuna faida: hitilafu zinaonekana haraka na gharama zinapungua. Ila uliza na maswali mawili ya kizamani. Kompyuta zote zikizima leo usiku, ni nani anajua kukiwasha kituo hicho kwa mkono? Na kabla hajawasha, atahakikishaje kwamba rilei za ulinzi ziko hai?