Biskuti za muhogo: Usalama huanzia kwenye unga

MUHOGO na korosho, mazao ya Masasi na Newala mkoani Mtwara, hufaa kwa biskuti zisizo na nafaka kwa mtu anayefuata, bila ukali, mlo unaoiga chakula cha binadamu wa kabla ya kilimo.

Unga wa muhogo huchanganywa na korosho zilizosagwa, mayai, asali na mafuta, kisha huokwa kwa mkaa juu na chini.

Hata hivyo, muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Ikizidi mwilini, hasa penye upungufu wa protini, huweza kusababisha konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu moja kwa moja.

Ili kuipunguza, unga huloweshwa, hutandazwa tabaka jembamba juani kwa saa 2, na kutumiwa siku hiyohiyo.