Jivu la nyota linaloushinda moto kwa mwanga

Jioni ya Novemba 11, 1572, Tycho Brahe alikuwa akirudi nyumbani kutoka maabara ya kemia katika abasia ya Herrevad, iliyokuwa Denmark wakati huo. Alipotazama juu aliona, kwenye kundinyota la Mke wa Kurusi, nyota ambayo hakuwahi kuiona mahali pale. Iling'aa sawa na Zuhura, na wenye macho makali waliiona hata mchana. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu kidogo, De nova stella, akaonyesha kwa vipimo kwamba nyota hiyo ilikuwa mbali kupita Mwezi. Wasomi waliofundishwa kuwa mbingu za juu hazibadiliki hawakufurahi.

Mahali pale leo pamebaki wingu la gesi linalotanuka na kutoa eksirei. Limo hata katika orodha iliyotokana na setilaiti ya Uhuru, ile iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru.

Tycho aliacha urithi mwingine. Aliandika jinsi nyota ilivyofifia mwezi hadi mwezi, mpaka ikatoweka machoni mwaka 1574. Ndani ya kumbukumbu hizo mlikuwa na fumbo ambalo yeye asingeweza kulitambua. Nyota ya aina hii huteketea kwa sekunde chache tu. Inakuwaje basi ing'ae zaidi ya mwaka mzima? Jibu lilichukua karibu karne 4. Wahenga walisema moto huzaa jivu, wakimaanisha kwamba mzazi shupavu anaweza kupata mtoto asiyemfikia. Kwenye nyota hizi methali imegeuka: mwanga tunaouona hutoka kwenye jivu.

Sufuria isiyo na mfuniko

Hatua ya kwanza ilikuwa kujua kinachowaka. Mwaka 1920, mjini Cardiff, Arthur Eddington aliwaambia wanasayansi wenzake wa Uingereza kwamba atomu 4 za haidrojeni zina masi kubwa kidogo kuliko atomu moja ya heli. Zikiungana, ile tofauti hugeuka kuwa nishati, nayo yatosha kuliwasha Jua kwa mabilioni ya miaka. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Hans Bethe alizieleza hatua za muungano huo moja baada ya nyingine.

Nyota ya kawaida hujirekebisha kama sufuria yenye mfuniko uliolegea: joto likizidi, gesi hutanuka, joto hushuka, moto hutulia. Lakini nyota ikiishiwa na fueli huweza kuacha kiini kidogo kilichoshindiliwa, chenye kaboni na oksijeni, kiitwacho kibete cheupe. Kina ukubwa unaokaribia wa Dunia na masi inayokaribia ya Jua. Kinachokizuia kisijiporomokee ni elektroni zilizobanwa kupita kiasi, na nguvu yake ya kuhimili karibu haitegemei joto. Hapo ndipo hatari ilipo. Kaboni ikianza kuungana ndani yake, joto hupanda bila nyota kutanuka. Joto likipanda, muungano huenda kasi maradufu, nao huongeza joto zaidi. Hakuna mfuniko wa kunyanyuka.

Mpaka wa masi ambayo kibete cheupe kinaweza kuibeba ulikokotolewa na kijana wa miaka 19. Mwaka 1930 Subrahmanyan Chandrasekhar alikuwa melini kutoka India kwenda kusoma Cambridge, akafanya hesabu safarini. Zilimwonyesha kuwa kupita kiwango fulani, ambacho leo tunakijua kuwa takriban mara 1.4 ya masi ya Jua, elektroni hushindwa. Januari 1935, katika kikao cha wanaastronomia jijini London, Eddington alisimama akaikejeli hoja hiyo hadharani. Chandrasekhar alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1983, akigawana na William Fowler, ambaye tutakutana naye punde.

Siri kutoka kwenye bomu

Wakati huo huo watazamaji wa anga walikuwa wakizipanga nyota zinazolipuka kwa makundi. Walter Baade na Fritz Zwicky walizitenga na milipuko midogo na kuziita supanova. Mwaka 1941 Rudolph Minkowski aliona kuwa baadhi yao hazina dalili yoyote ya haidrojeni katika mwanga wao. Akaziita Aina ya Kwanza. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba mwanga wa kundi hili, baada ya kilele, ulipungua kwa mwendo wa kawaida, nusu kwa nusu, kila baada ya siku 50 na kitu. Ndivyo vitu vyenye unururifu vinavyoisha.

Ni kitu gani basi? Novemba 1952 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye atoli ya Enewetak katika Bahari ya Pasifiki. Katika mabaki yake ilipatikana kaliforni-254, elementi nzito ambayo nusu yake huisha kwa muda unaokaribiana na huo. Mwaka 1956 Margaret na Geoffrey Burbidge, Fred Hoyle, Fowler na mwenzao Robert Christy wakapendekeza kuwa nyota hizi huwaka kwa kaliforni. Ilivutia, lakini haikuwa kweli. Mwaka 1960 Hoyle na Fowler walitoa wazo lililodumu: supanova za Aina ya Kwanza ni vibete vyeupe vinavyolipuliwa na fueli yao wenyewe ya nyuklia.

Jibu kuhusu mwanga lilikuwa limeandikwa mwaka 1962, Washington, katika tasnifu ya uzamivu ya Titus Pankey wa Chuo Kikuu cha Howard. Aliona kuwa mwako wa kaboni ukifika mwisho hauzai chuma moja kwa moja. Huzaa nikeli-56, yenye unururifu. Nusu ya nikeli hiyo hugeuka kuwa kobalti kwa siku 6, na nusu ya kobalti hugeuka kuwa chuma kwa siku 77. Wachache walimsoma. Mwaka 1969 Stirling Colgate na Chester McKee walifikia mnyororo uleule kwa njia yao, na hapo ndipo fani nzima iliposikia. Colgate naye alitoka kwenye maabara ya silaha ya Livermore. Hesabu za bomu na za nyota zilikuwa jirani.

Mnyororo huo ulilimaliza fumbo. Nishati ya mlipuko wenyewe karibu yote hutumika kuivunja nyota na kuyatupa mabaki yake kwa kasi ya takriban kilomita 10,000 kwa sekunde, na kutanuka huko huyapoza haraka. Kama kusingekuwa na nikeli, tungeona mmweko mfupi tu. Ni unururifu wa jivu unaoyapasha mabaki joto upya, hadi yafikie kilele cha mwanga wiki 2 hadi 3 baadaye.

Moto wa kutambaa, moto wa mshindo

Ubishi ukahamia kwenye mwendo wa moto. David Arnett alijaribu mwaka 1969 kukokotoa mwako unaobebwa na wimbi la mshtuko, wenye kasi kuliko sauti. Tatizo likawa kwamba wimbi hilo huikuta nyota bado imeshindiliwa. Katikati, sentimita moja ya ujazo ina uzito wa zaidi ya tani 2,000, na katika msongamano mkubwa namna hiyo karibu kila kitu huungua hadi kuwa nikeli. Lakini mwanga wa supanova halisi una alama za silikoni, salfa na kalisi, yaani fueli iliyoungua nusunusu.

Mwaka 1976 Ken'ichi Nomoto na wenzake nchini Japani walijaribu moto wa kutambaa, unaokwenda polepole kuliko sauti. Karibu na kitovu uso wa moto huo ni mwembamba kuliko milimita moja, ingawa nyota ina upana wa maelfu ya kilomita. Unapotambaa, nyota hupata nafasi ya kutanuka, na tabaka za nje zilizolegea huishia kwenye silikoni. Kielelezo chao cha mwaka 1984, kiitwacho W7, kililingana vizuri na mwanga halisi. Mwaka 1991 Alexei Khokhlov aliunganisha yote mawili: moto uanze kwa kutambaa, kisha ugeuke kuwa wa mshindo nyota ikiwa imekwisha kutanuka.

Ushahidi

Mwaka 2008 timu ya Oliver Krause, kwa darubini ya Subaru huko Hawaii na nyingine nchini Hispania, ilinasa mwanga wa mwaka 1572 uliochelewa kwa kugonga mawingu ya vumbi kabla ya kutufikia. Uchambuzi ulithibitisha kuwa nyota ya Tycho ilikuwa ya kundi hili, ambalo sasa huitwa Ia.

Januari 21, 2014, mwalimu Steve Fossey na wanafunzi wake jijini London waligundua supanova katika galaksi ya M82, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 12. Setilaiti ya INTEGRAL ilielekezwa huko, ikapokea miale ya gamma yenye nishati zilezile za kobalti-56. Hesabu za Pankey sasa zilikuwa na kipimo cha moja kwa moja.

Kilichobaki ni kiberiti. Kwa miongo mingi ilifundishwa kuwa kibete cheupe hunyonya gesi ya nyota jirani mpaka kikaribie ule mpaka wa 1.4, ndipo kilipuke. Julai 2025 timu iliyotumia Darubini Kubwa Sana ya Ulaya huko Chile ilitangaza kuwa mabaki yaitwayo SNR 0509-67.5 yana tabaka 2 tofauti za kalisi. Hiyo ni alama ya milipuko miwili: kwanza heli ya juu juu, kisha wimbi lake likawasha kaboni ya ndani. Kwa njia hiyo nyota hulipuka kabla haijaufikia mpaka wa Chandrasekhar.

Habari hiyo inagusa zaidi ya nyota moja. Supanova za Ia ndizo zilizotumiwa mwaka 1998 kugundua kuwa ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka, ugunduzi uliopewa Nobel mwaka 2011. Kama si zote zinazolipuka zikiwa na masi ileile, hazina budi kutofautiana kwa mwanga, na kweli hutofautiana. Mark Phillips alionyesha mwaka 1993 kuwa zinazong'aa zaidi hufifia polepole zaidi, na kanuni hiyo ndiyo iliyowawezesha wanaastronomia kuzilinganisha. Nyuma yake kuna kiasi cha nikeli: nyota moja huacha nyingi, nyingine kidogo, na anayetaka kujua umbali wake huanza kwa kulipima jivu.