Traicos, mrushaji mpira aliyesubiri miaka 22

JOHN Traicos alicheza mechi saba pekee za Testi, zile za siku tano zinazohesabiwa kuwa kilele cha kriketi. Kati ya mechi yake ya tatu na ya nne ilipita miaka 22 na siku 222, muda ambao hakuna mchezaji mwingine aliyewahi kuufikia.

Traicos alizaliwa Mei 17, 1947 mjini Zagazig, Misri, katika familia yenye asili ya Ugiriki, akalelewa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Hakuwa mrushaji wa kasi. Silaha yake ilikuwa vidole vya mkono wa kulia, vilivyouzungusha mpira ili upinde unapotua. Haukupinda sana, lakini ulitua pale pale alipokusudia, ova baada ya ova, hata wapigaji wakakosa nafasi ya kuvuna mikimbio.

Mnamo 1970, akiwa na umri wa miaka 22, aliichezea Afrika Kusini mechi tatu dhidi ya Australia, ya kwanza ikiwa mjini Durban. Afrika Kusini ilishinda msururu huo 4-0. Miezi michache baadaye ziara yake ya Uingereza ilifutwa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na nchi hiyo ikatengwa hadi 1991.

Adhabu hiyo ilikuwa na sababu. Kikosi cha 1970 kilikuwa cha wazungu pekee. Ikiwa Traicos alipoteza miaka 22, wapo wachezaji weusi wa kizazi chake waliopoteza yote, kwani hawakuruhusiwa hata kuanza.

Mlango wa pili ulifunguka Zimbabwe ilipopata uhuru mnamo 1980. Traicos, wakili kwa taaluma, alishiriki Kombe la Dunia la 1983, Zimbabwe ilipoishangaza Australia kwa mikimbio 13. Aliongoza kikosi kama nahodha katika Kombe la 1987, na akarejea mashindanoni mwaka 1992.

Mwaka huo huo Zimbabwe ilipewa hadhi ya kucheza Testi. Oktoba 18 iliikaribisha India jijini Harare, na Traicos, akiwa na umri wa miaka 45, akaingia uwanjani. Miongoni mwa wapinzani alikuwamo Sachin Tendulkar, kijana wa miaka 19 ambaye hakuwa amezaliwa Traicos alipocheza Testi yake ya awali. Mkongwe huyo alimrushia mpira, akaudaka mwenyewe, na Tendulkar akatoka bila mkimbio hata mmoja. Traicos alipata wiketi tano kwa mikimbio 86, na mechi ikaisha sare.

Testi yake ya mwisho ilikuwa Delhi, Machi 1993. Alistaafu akiwa na wiketi 18: nne za Afrika Kusini, 14 za Zimbabwe. Sehemu kubwa ya mavuno yake ilikuja baada ya kutimiza miaka 45.