Waliofunzwa Kuzipima Namba

Msikilizaji, mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipojitawala, palianzishwa Dar es Salaam chuo ambacho habari zake husimuliwa kwa nadra: Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika. Kazi yake imekuwa kuwafunza watakwimu wa serikali, si wa Tanzania peke yake, bali wa nchi nyingi za Afrika zinazotumia Kiingereza.

Haja ilikuwa kubwa. Kabla ya sensa ya mwaka 1948, iliyofanyika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, wakoloni walitegemea zaidi makisio yaliyotokana na orodha za walipa kodi na taarifa za majumbe. Na aliyeikimbia kodi, bila shaka, hakujitokeza ahesabiwe.

Agosti 1967, sensa ya kwanza ya Tanzania huru ilipata watu zaidi ya milioni 12. Karani alipomkuta mzee asiyeujua mwaka wake wa kuzaliwa, alimkumbusha matukio: njaa iliyopita, vita vya Wajerumani na Waingereza, enzi ya chifu fulani. Hata hivyo, umri ulioishia na sifuri au tano ulizidi kupita kiasi. Waliosema wana miaka 40 walikuwa wengi, wa miaka 41 wakawa haba. Hapo ndipo elimu ya mtakwimu inapoonekana. Hufunzwa kuitambua kasoro hiyo, kuipima na kuisawazisha kwa kanuni zinazojulikana, kabla serikali haijaamua madarasa mangapi yajengwe. Anayesawazisha kwa kubuni anaidanganya serikali yake mwenyewe.

Sensa ya mwaka 2022, iliyohesabu watu zaidi ya milioni 61, ilitumia vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Kazi imekuwa nyepesi, ingawa kishikwambi hakijui kama aliyeulizwa amekumbuka vema.

Lakini ujuzi huu uliwahi kuwa wa hatari. Mwaka 2018 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015, ikawa kosa la jinai kutangaza takwimu zenye kupotosha au kutilia shaka zile rasmi. Yule aliyefunzwa darasani kutoiamini namba kabla ya kuipima angeweza kushitakiwa kwa kuyatangaza aliyoyaona. Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake hadharani, na mwezi Juni 2019 Bunge likaiondoa adhabu hiyo.