Bageti ya gari la zamani: tolie asikimbilie nyundo

Wenye Volkswagen Coccinelle hapa Bukavu wanajua: bageti, ule ukanda unaong'aa ubavuni, ikibonyea, kupata nyingine ni kazi. Coccinelle ya mwisho ilitoka kiwandani Mexico mwaka 2003.

Kwanza ing'olewe na vibanio vyake. Kuigonga ikiwa bado mlangoni ni kuharibu vitu viwili. Ilazwe kifudifudi juu ya mbao, igongwe kwa ndani, polepole, kuanzia pembeni mwa palipobonyea kwenda katikati. Ukipiga kwa nguvu, aluminiamu inarefuka, na bageti iliyorefuka hairudi tena kwenye matundu yake. Halafu msasa laini na maji.

Pareshoki ya kromu iko mambo mengine. Ikigongwa, kromu inapasuka, kutu inaingia. Hapo inabidi ipakwe kromu upya. Rangi ya fedha haileti ule mng'ao.